Sura Sita za Jasusi Mmoja

Profesa Dent anaingia chumbani gizani, anaona mtu kalala kitandani, anammiminia risasi sita. Aliyelala ni mito iliyofunikwa shuka. Bond yuko nyuma ya mlango, ameketi kitini, karata alizokuwa akicheza peke yake bado ziko mezani. Anamwamuru Dent adondoshe bastola, anamhoji bila haraka, na huku anamwona akivuta zulia kwa mguu, kidogo kidogo, mpaka bastola inamfikia. Anamwachia tu. Dent anaiokota, anafyatua: haina kitu. Bond alikuwa amezihesabu risasi. Anamtandika moja, Dent anaanguka, anamwongezea nyingine mgongoni, kisha anafungua kizuia sauti cha bastola yake kwa utulivu wa fundi anayerudisha bisibisi kwenye sanduku.

Hiyo ni Dr. No, iliyozinduliwa London tarehe 5 Oktoba 1962. Watazamaji wa enzi hizo walizoea steringi anayemsubiri adui achomoe silaha kwanza. Huyu alimuua mtu asiye na risasi hata moja, na akajua hana. Kwangu mimi kipimo cha Bond yeyote kiko hapo: anamuuaje mtu aliye karibu naye, na akishamuua anafanya nini? Ukikitumia kipimo hicho utagundua kwamba yale yanayosemwa vijiweni kuhusu waigizaji wake, eti Connery mkali, Moore mchekeshaji, Dalton mwenye kununa, Craig katili, ni kweli nusu tu. Filamu hizi zimegeuka mara nyingi, lakini mara kadhaa ziligeuka kabla sura haijabadilika, na mara nyingine sura ilibadilika zenyewe zikagoma kugeuka.

Ian Fleming, aliyewahi kufanya kazi katika upelelezi wa jeshi la majini la Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili, alimtunga Bond mwaka 1952 akiwa nyumbani kwake Jamaika. Mwaka 1961 watayarishaji wawili wageni jijini London, Harry Saltzman wa Kanada na Albert Broccoli wa Marekani, waliungana na kuanzisha kampuni ya Eon. Walipewa kama dola milioni 1 kutengeneza filamu ya kwanza. Fleming alitarajia bwana wa tabaka la juu. Akaletewa Sean Connery, mtoto wa dereva wa lori kutoka Edinburgh, aliyewahi kugawa maziwa mitaani, kung'arisha majeneza na kushiriki mashindano ya kutunisha misuli.

Mwongozaji Terence Young ndiye aliyeziba pengo hilo. Yeye alisoma Cambridge, alipigana vitani, alijua mvinyo na alijua kuvaa. Alimchukua Connery hadi kwa fundi wake wa suti, Anthony Sinclair, akamfundisha kula, kutembea na kuongea na mhudumu wa hoteli. Kilichoonekana kwenye pazia la sinema ni mtu wa mitaani aliyevalishwa nguo za kibwanyenye, na hicho ndicho kilichowashika watu. Ukimtazama Connery akiingia chumbani unahisi kwamba ile suti inaweza kuchanika wakati wowote. Katika From Russia with Love ya 1963 inakaribia kuchanika kweli: anapigana na adui aliyeigizwa na Robert Shaw ndani ya kijichumba cha treni, nafasi haitoshi hata kunyoosha mkono, na hakuna muziki wa kumsaidia mtazamaji. Fleming naye alilainika. Katika kitabu chake cha 1964 alimpa Bond baba Mskochi.

Mzaha ulikuwemo tangu siku za Connery. Bond wa vitabuni hana masihara mengi. Young na Connery ndio waliomwekea vile vijineno vya kuchekesha baada ya mauaji, ili mtazamaji apumue na wakaguzi wa filamu wasikunje uso. Kisha ikaja Goldfinger mwaka 1964, na gari la Aston Martin lenye kiti cha kumrusha abiria nje kupitia paa. Tangu hapo vifaa vikaanza kumshinda mwenye navyo. You Only Live Twice ya 1967 ilijengewa volkano bandia katika studio za Pinewood na mbunifu Ken Adam, na volkano hiyo peke yake iligharimu karibu sawa na Dr. No nzima. Connery anaonekana humo kama mtu anayesubiri saa ya kutoka kazini. Akaondoka.

Hapa ndipo hadithi ninayoipenda kuliko zote. George Lazenby, kijana wa Australia aliyewahi kuuza magari, alikuwa London akifanya kazi ya mitindo na matangazo. Hakuwa ameigiza filamu hata moja. Alikwenda kwa kinyozi wa Connery akakatwa nywele kama za Connery, akaenda kwa Sinclair akanunua suti aliyoshonewa Connery naye hakwenda kuichukua, kisha akaingia ofisini kwa watayarishaji akijifanya mwigizaji mzoefu. Katika majaribio ya mapigano alimpiga mwenzake ngumi ya kweli puani. Kazi akapata, akiwa hajatimiza miaka 30.

Mwongozaji wa On Her Majesty's Secret Service ya 1969 alikuwa Peter Hunt, mhariri wa filamu zilizotangulia, na alitaka kurudi kwenye kitabu. Vifaa vikapunguzwa. Bond anapenda, anaogopa, anafukuzwa mpaka anajibanza kwenye benchi pembeni mwa uwanja wa kuteleza barafuni akiwa amekata tamaa, hadi Tracy, aliyeigizwa na Diana Rigg, anamkuta na kumwokoa. Umewahi kumwona Connery akiokolewa hivyo? Mwishoni wanaoana, na muda mfupi baada ya harusi Tracy anapigwa risasi ndani ya gari. Bond hatamki kichekesho chochote. Amemkumbatia maiti na kumwambia askari wa barabarani kwamba mkewe anapumzika.

Lazenby si mwigizaji mzuri, na sehemu ambayo Bond anajifanya mtaalamu wa nasaba sauti yake ilibidi iwekwe ya mtu mwingine. Lakini katika dakika ile ya mwisho ugeni wake unamfaa. Hana hila za kujificha nyuma yake. Kwa ushauri wa wakala wake aliyeamini kwamba zama za majasusi wa suti zimepita, alikataa kuendelea, akafika kwenye uzinduzi na ndevu na nywele ndefu. Filamu iliingiza pesa kidogo kuliko ile iliyoitangulia. Akawa mzaha wa miaka mingi. Na bado kifo cha Tracy kiliwafuata wote waliokuja baada yake: mwaka 1977 jasusi wa kike wa Kirusi anakitaja na Moore anamkatisha ghafla; mwaka 1981 Moore anaweka maua kaburini kwake; mwaka 1989 Dalton anarushiwa kitu na bibi harusi na uso wake unabadilika. Mwaka 2021 wimbo wa Louis Armstrong uliotoka katika filamu ile ile ya Lazenby ndio unaomsindikiza Craig.

Watayarishaji wakaogopa. Mwaka 1971 walimrudisha Connery kwa dola milioni 1.25, pesa alizozitumia kuanzisha mfuko wa elimu kwao Scotland, na wakampa filamu ya kuchekesha. Hili husahaulika. Diamonds Are Forever ina wauaji wawili wanaotaniana kama wachekeshaji wa jukwaani na gari la mwezini linalokimbizwa jangwani Nevada. Mwongozaji Guy Hamilton na mwandishi Tom Mankiewicz walioitengeneza ndio hao hao waliompokea Roger Moore katika filamu zake mbili za kwanza. Kwa hiyo Moore hakuleta kicheko. Alikikuta kimekaa mezani, akavuta kiti.

Moore alimzidi Connery umri karibu miaka mitatu. Alijulikana tayari kwa tamthilia ya The Saint, alichukia bunduki, na alikuwa na akili ya kutosha kutojaribu kuwa Connery. Katika Live and Let Die ya 1973 hata kinywaji na kofia za mtangulizi wake viliepukwa. Filamu zenyewe zilikimbilia kila upepo: ya 1973 ilifuata sinema za Wamarekani weusi zilizokuwa zikivuma, The Man with the Golden Gun ya 1974 ilifuata kung fu.

Mwaka huo huo wa 1974 Elvis Musiba wa Tanzania alitoa Kufa na Kupona, na Willy Gamba akaingia mifukoni mwa wasomaji wa Afrika Mashariki. Gamba ana suti, bastola na warembo kama yule mwenzake, ila maadui zake ni makaburu na vibaraka wao. Kwa wakati ule, nathubutu kusema, Gamba alikuwa na sababu nzito zaidi ya kuua kuliko Moore aliyekuwa akimfukuza mtu mwenye bastola ya dhahabu.

Saltzman aliuza hisa zake mwaka 1975, Broccoli akabaki peke yake, akaweka pesa nyingi kwenye The Spy Who Loved Me ya 1977. Mwongozaji Lewis Gilbert alirudia kwa ustadi ile hadithi aliyoiongoza mwaka 1967: tajiri mwendawazimu, chombo kikubwa kinachomeza vyombo vidogo, dunia kusukumwa vitani. Kabla ya majina ya mwanzo mpiga mbizi wa angani Rick Sylvester aliruka kwa viatu vya kuteleza kutoka mlima Asgard kaskazini mwa Kanada, akaanguka kimya kwa sekunde nyingi, kisha parachuti ikafunguka: bendera ya Uingereza. Ni mzaha na ushujaa kwa pamoja, na sijui kama mfululizo huu umewahi kuipata tena mizani ile. Filamu iliyofuata ilikuwa imeshatangazwa, For Your Eyes Only, lakini Star Wars ilikuwa imetikisa dunia, basi Bond akapelekwa angani kwenye Moonraker mwaka 1979. Humo Moore anapita katikati ya jiji la Venice kwa mtumbwi wenye injini unaogeuka chombo cha kupita nchi kavu, na njiwa wa uwanjani anageuza shingo mara mbili kwa mshangao. Wanaodharau zama za Moore humtaja njiwa huyo. Pesa zilizopatikana zilikuwa zaidi ya dola milioni 200, rekodi ya mfululizo kwa miaka 16.

Sasa tazama kilichotokea mwaka 1981. Mwigizaji ni yule yule. Mwongozaji mpya, John Glen, alikuwa ameihariri filamu ya Lazenby, na sasa alipewa For Your Eyes Only kwa bajeti ndogo. Muuaji aitwaye Locque amemuua rafiki wa Bond na kuacha juu ya maiti kibanio chenye umbo la njiwa. Bond anapanda ngazi ndefu mbio, anahema, anampiga risasi Locque akiwa kwenye usukani, na gari linabaki likining'inia ukingoni mwa genge. Bond anasogea, anamtupia kile kibanio, kisha analipiga gari teke. Linaporomoka na mtu wake. Moore hakulitaka teke hilo. Alisema Bond wake hafanyi hivyo. Glen alishikilia. Ni mauaji ya Profesa Dent yamerudi, mikononi mwa mtu anayeitwa mchekeshaji, na yanauma zaidi kwa sababu unaona kwamba anayeua anajilazimisha.

Miaka miwili baadaye, kwenye Octopussy, yule yule Moore amevaa nguo za mchekeshaji wa sarakasi, uso umepakwa rangi, pua nyekundu, na anajaribu kuwashawishi wanajeshi wa Marekani nchini Ujerumani kwamba kuna bomu la nyuklia chini yao. Watu wanamcheka. Yeye macho yamemtoka kwa hofu. Wanaoiona sehemu hii kama fedheha ya mfululizo naona hawajaitazama vizuri. Mwaka huo huo wa 1983 Connery alirudi kwa watayarishaji wengine katika Never Say Never Again, na Moore akamshinda kwa mapato. Lakini A View to a Kill ya 1985 ilimkuta na miaka 57, na waigizaji wa kumbadili kwenye mbio na mapigano wanaonekana waziwazi. Muda ulikuwa umefika.

Nafasi ilikuwa ya Pierce Brosnan, Mwairishi aliyeigiza tamthilia ya Remington Steele. Alichaguliwa mwaka 1986. Kituo cha televisheni kikaufufua mkataba wake, akakosa. Akaingia Timothy Dalton, mwigizaji wa Shakespeare mzaliwa wa Wales, aliyekuja seti na vitabu vya Fleming mkononi. Uso wake umechoka kazi ya kuua. Mwanzoni mwa The Living Daylights ya 1987 ameamriwa amuue mdunguaji. Anaona ni mwanamke asiyejua hata kushika bunduki vizuri, anaipiga bunduki badala ya mtu, na anasema wakitaka wamfukuze kazi. Tatizo ni kwamba hadithi ilianza kuandikwa kabla mwigizaji hajajulikana. Glen, pamoja na waandishi Richard Maibaum na Michael Wilson, ni walewale wa Moore, na kuna mahali Dalton na mpenzi wake wanateleza kwenye theluji ndani ya kasha la fidla kubwa. Moore angekaa humo kwa raha. Dalton anaonekana kama mtu aliyepewa nguo za kaka yake.

Licence to Kill ya 1989 ilishonwa kwa kipimo chake. Rafiki yake Leiter analiwa mguu na papa, Bond anavua utumishi na kumwinda mfalme wa dawa za kulevya mpaka anamteketeza kwa moto wa kiberiti alichopewa na Leiter. Uingereza walizuia wenye umri chini ya miaka 15 kuiona. Huruma pekee inaletwa na Desmond Llewelyn, mzee Q wa vifaa, aliyeigiza katika filamu 17 na Bond watano: kwa miaka mingi alimkaripia Moore kama mwanafunzi mtundu, na hapa anafunga safari kwa siri kumfuata Dalton uwanjani kwa sababu anamhofia. Filamu ilitoka msimu mmoja na Batman na Indiana Jones, ikazidiwa Marekani. Baadaye kesi za umiliki wa studio zikasimamisha kila kitu kwa miaka 6. Dalton akajiuzulu mwaka 1994.

Brosnan nitampitia upesi, na si kwa dharau. GoldenEye ya 1995 iliongozwa na Martin Campbell, ikaingiza zaidi ya dola milioni 350, na ilimpa Bond bosi mwanamke, Judi Dench, anayemwambia usoni kwamba yeye ni mabaki ya Vita Baridi. Brosnan alikuwa na umaridadi wa Moore, ngumi za Connery na huzuni kidogo ya Dalton; wastani wa watangulizi wote, na hilo lilikuwa nguvu yake na kikomo chake. Kufikia Die Another Day ya 2002 gari lake lilikuwa halionekani kwa macho, naye akiteleza juu ya wimbi la kompyuta. Iliuza sana. Ila mwaka huo huo ilitoka The Bourne Identity, na Barbara Broccoli na Wilson, warithi wa kampuni baada ya Albert Broccoli kufariki mwaka 1996, waliona kwamba njia ile imefika mwisho.

Tarehe 14 Oktoba 2005 Daniel Craig aliletwa mbele ya waandishi kwa boti kwenye mto Thames, amevaa jaketi la kujiokoa juu ya suti. Magazeti yalimcheka: nywele za dhahabu, masikio, urefu. Alikuwa Bond wa kwanza kuzaliwa baada ya mfululizo kuanza. Casino Royale ya 2006 iliongozwa na Campbell yule yule wa GoldenEye, na kati ya waandishi wake ni Neal Purvis na Robert Wade walioandika lile gari lisiloonekana. Mikono ile ile. Sura mpya iliwapa ruhusa ya kukataa kazi yao wenyewe.

Kwa msomaji wa huku filamu hii ina mlango wa karibu. Baada ya majina ya mwanzo tunajikuta Mbale, Uganda, ingawa ilipigwa Uingereza. Steven Obanno, mkuu wa waasi wa Lord's Resistance Army, anamkabidhi mwenye benki Le Chiffre pesa zake azizungushe. Anayeijua Uganda atajiuliza mkuu wa waasi wa Acholi anafanya nini Mbale, lakini tuache hilo. Pesa zinapotea, Obanno anazifuata hadi hotelini Montenegro na panga, na anakutana na Bond ngazini. Mapigano ni mabaya, ya kubanana na kuta. Vesper, aliyeigizwa na Eva Green, yupo pale pale. Bond anamkaba Obanno mpaka anakata roho, tena inachukua muda. Kisha anapanda chumbani, anajitazama kwenye kioo akiwa na damu, anakunywa wiski kwa mkono unaotetemeka, anabadili shati na kurudi kucheza karata. Baadaye anamkuta Vesper ameketi chini ya bomba la maji na gauni lake, anajaribu kusafisha damu isiyoonekana. Anakaa kando yake na nguo zake, wote wanalowa. Profesa Dent alikufa na filamu ikaendelea. Hapa filamu inasimama. Sioni sehemu bora kuliko hii katika filamu zote 25, ingawa inanikera kwamba Mganda amewekwa pale afe tu ili Mwingereza na mpenzi wake wapate kuumia.

Quantum of Solace ya 2008 ilipigwa wakati wa mgomo wa waandishi, na inaonyesha. Skyfall ya 2012, chini ya Sam Mendes, ilivuka dola bilioni 1. Spectre ya 2015 ilijaribu kurudisha mzaha wa zamani na ikambana Craig kama kasha la fidla lilivyombana Dalton. Kisha No Time to Die, iliyocheleweshwa na Uviko na kuzinduliwa London Septemba 2021, ikavunja sheria ambayo kila mtoto wa banda la video anaijua, kwamba steringi hafi. Bond anabaki kisiwani, makombora yanashuka. Baadhi ya watazamaji walikasirika kweli. Mimi niliona ni mwisho halali wa filamu tano zilizosimulia maisha ya mtu mmoja, jambo ambalo Connery na Moore hawakuwahi kupewa.

Februari 2025 Barbara Broccoli na Wilson waliiachia Amazon MGM uamuzi wote wa kisanii. Ni mara ya kwanza tangu 1961 kwamba hakuna hata mtu mmoja wa nyumba ya Eon anayemchagua Bond. Juni mwaka huo mwongozaji akatajwa kabla ya mwigizaji: Denis Villeneuve wa Kanada. Kwa mwenendo wa zaidi ya miaka 60, baada ya mkali kama Craig ilikuwa zamu ya mtu wa kutuchekesha. Villeneuve ametengeneza Sicario, Blade Runner 2049 na Dune, na katika zote tatu sikumbuki kichekesho kilichonifanya nicheke kwa sauti.